Kaske ya VR inafupisha metre: pima mbele ya kuonesha kliya nyumba

Wewe mwenye unachora nyumba mu ordinatere kisha unavalisha kliya kaske ya VR (chombo cha macho chenye kinamuonesha nyumba ya ordinatere kama vile iko ndani yake) aone salon yake, jua hii kwanza: mu VR batu bengi banaona vitu karibu kuliko vile viko. Mu 2013 mutafiti Renner na benzake balikusanya masomo mingi, bakakuta kwa wastani mutu anaona kama 74% ya urefu wa kweli. Metre 4 inakuwa karibu 3! Kaske za sasa ziko muzuri kidogo lakini shida haijaisha, na kliya akiona salon ni ndogo, akisema sukuma ukuta, matofali na simenti ni makuta yake njo inaenda.

Usimuulize "ni metre ngapi?", kinywa kinabahatisha tu. Tafuta parsele wazi, jioni, juu jua likiingia mu lenti linaunguza ekra. Weka alama chini mu VR, metre 4, aiangalie muzuri, kisha ekra iwe nyeusi, afunge macho na atembee paka pale anasikia amefika, wewe uko kando yake bila kusema kitu. Pima na metre ya fundi. Rudilia na 3 na 5, changanya, asizoee kuhesabu hatua. Kisha mufanyishe ile ile bila kaske, juu mu dunia ya kweli mutu wa macho kufungwa anafika karibu sawasawa hata metre 20. Na kaske, akitembea 3,2 mahali pa 4, iko 80%.

Sasa rekebisha. Lenti zifuate macho yake: pima na rula katikati ya mboni mbili akiangalia mbali, bakubwa bengi beko karibu na milimetre 63. Weka manette (kile kitu cha kushika mu mukono cha kaske) chini: mu VR ikionekana inaelea ao imezama, sakafu yako ni ya bongo, na jicho linapima umbali kwa kufuata urefu wake toka chini, kwa hiyo yote inaharibika.

Salon tupu inadanganya sana. Tia kiti, mulango, bido ya litre 20, na kivuli chini ya kila kitu. Anzia mu kopi ya VR ya chumba chenye amesimama ndani, mutafiti Victoria Interrante na benzake balionesha mu 2006 kama pale metre hazipungui sana. Muache atembee macho wazi dakika kidogo.

Kuko benye banakuza plani ili "ionekane sawa". Tafazali hapana, kliya akizoea ataona kikubwa kuliko chenye utajenga.