Kabla Hujamjibu Bosi Kwamba "Toleo Hili Lina Kiraka"

Swali lenyewe huonekana jepesi: hitilafu imesharekebishwa, sasa tupande hadi toleo gani? Kabla hujajibu, tafuta katika Git, programu inayotunza historia ya msimbo, komiti (badiliko lililohifadhiwa) iliyoleta marekebisho, yaani kiraka, pamoja na heshi yake, kitambulisho chake. Usikisie kwa tarehe. Komiti inaweza kuandikwa Januari, ikakaa kwenye tawi la mtu (mkondo wake wa kazi) hadi Machi, na toleo la Februari likatoka bila hiyo. Kama ulichonacho ni maneno ya kosa tu, `git log --grep` hupekua ujumbe wa komiti, na `git log -S` hupekua mistari ya msimbo iliyoongezwa au kuondolewa.

Pili, angalia nakala ya ripo (hifadhi ya msimbo wa mradi) uliyonayo. Wengi wetu huvuta kwa `--depth 1`, yaani komiti ya mwisho tu, ili kuokoa bando, na nakala ya namna hiyo haina historia ya kuulizwa. Ijaze kwa `git fetch --unshallow --tags`.

Hapo ndipo `git tag --contains`, ikifuatwa na heshi, inapofaa. Hukuorodheshea tagi (alama za matoleo) zote zilizotoka baada ya komiti kuingia kwenye ukoo wao. Neno ukoo ndilo la kushika, maana Git inafuata nasaba ya komiti, haisomi kilichomo ndani yake. Hapo ndipo watu wanapoteleza.

Chukua Dirty Pipe, tundu la usalama la kerneli (kiini) ya Linux lililotangazwa Machi 2022, lenye namba ya utambulisho CVE-2022-0847. Marekebisho yake ni komiti 9d2231c5d74e. Ukiiuliza Git, tagi ya mapema zaidi utakayoipata ni v5.17-rc6 (toleo la majaribio), na mtu mwenye haraka atasema mashine zote za 5.15 na 5.10 zimeachwa wazi. Sivyo. Kiraka kilinakiliwa kwenye matawi ya matoleo thabiti, kikatoka katika 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Kila nakala ilipata heshi yake, kwa hiyo nasaba haiwezi kukuonyesha. Kwa bahati nzuri, watunzaji wa matawi hayo huandika heshi ya asili ndani ya ujumbe, basi `git log --grep=9d2231c5d74e v5.10.101..v5.10.102` inakitoa kilikojificha.

Usiishie hapo kama seva yako ni ya Debian, mfumo wa Linux unaotengeneza vifurushi vyake wenyewe. Debian 11 ilikiweka kiraka hichohicho katika 5.10.92-2, namba iliyo chini ya 102. Anayelinganisha namba peke yake atasema seva iko hatarini wakati imeshatibiwa. Soma rekodi ya mabadiliko ya kifurushi chenyewe. Ripo ya mradi haijui Debian wamefanya nini.

Uliza pia hatari ilianzia wapi. Dirty Pipe ilianza kutumika vibaya kuanzia 5.8, hivyo mwenye 5.4 hakuwa na sababu ya kukesha. Tena pitisha jicho kwenye komiti za baadaye zinazoanza na neno "Revert": kiraka huweza kuingia, kikavunja kitu kingine, kikaondolewa kimyakimya, na `--contains` bado itakuambia kimo.

Mwisho, kagua kinachoendeshwa sasa hivi, si kilichosakinishwa. Kwenye Debian, `uname -r` haionyeshi namba kamili ya kifurushi. Tumia `uname -v`. Ikitoa namba ya zamani ingawa kifurushi kipya kimeingia, basi seva inasubiri kuwashwa upya.