Likizo ya shamba, mvua haikatiki na mgonjwa mnaye: mnajipangaje?

Kabla hamjaanza kubishana nani anakaa siti ya mbele, muulizeni mgonjwa mwenyewe kama anataka kwenda. Najua mnaona ni jambo dogo ila familia nyingi zinapanga safari nzima bila yeye, "tukampumzishe mama shamba akapate hewa", kumbe mama anachotaka ni kitanda chake alichokizoea na choo anachokijua. Akikubali, mwulizeni na swali la pili, unaogopa nini? Mara nyingi hata haogopi ugonjwa, anaogopa kubanwa na mkojo njiani au kuonekana mzigo mbele ya wajukuu, na ukishajua hilo nusu ya ratiba imejipanga yenyewe.

Kwa daktari msiende na swali la "je anaweza kusafiri" halafu mkaridhika na ndiyo. Ulizeni dalili gani zikitokea turudi siku hiyohiyo, dozi ikirukwa tufanyeje, akiharisha au akitapika kuna dawa kati ya anazotumia ya kuacha kwa muda? Maana zipo dawa za presha na za kisukari ambazo mtu akiishiwa maji mwilini zinaweza kumletea shida. Na awaandikie majina halisi ya dawa, yaani ya kiambato chenyewe, sio majina ya biashara tu, kwa sababu duka la dawa la huko mnakoenda linaweza kuwa na dawa ileile kwa jina jingine kabisa.

Dawa zenyewe bebeni za siku kadhaa za ziada, barabara ya udongo ikinyeshewa usiku mmoja tu mnaweza kukwama. Zigawanyeni mafungu mawili, moja libaki kwenye begi la mkononi, lingine kwa mtu mwingine, na karatasi ya dozi ipigwe picha ikae kwenye simu za watu wazima wote. Wenye insulini, ile ambayo haijafunguliwa inakaa nyuzi 2 mpaka 8, na isigusane na barafu moja kwa moja, ikishaganda ni ya kutupa hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima. Ambayo ameshaanza kuitumia aina nyingi zinavumilia kama wiki 4 nje ya friji mradi joto lisizidi nyuzi 30 hivi, ila someni kikaratasi cha aina yake. Na kama anatumia mashine ya oksijeni ya umeme, mvua na umeme mnajua wenyewe hawapatani, kwahiyo nyumba isiyo na jenereta mimi nasema achaneni nayo, hata iwe nzuri vipi.

Njiani simameni kila baada ya saa mbili hivi anyooshe miguu, kukaa muda mrefu damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu, na mgonjwa yuko kwenye hatari hiyo zaidi yenu.

Mkifika msikimbilie kushusha mabegi, mmoja azunguke nyumba kwanza. Chumba cha mgonjwa kiwe chini na karibu na choo, hata kama ndio chumba kizuri ambacho fulani alishakiwekea macho. Akae pembeni ya kitanda muone kama nyayo zinakanyaga chini vizuri, kitanda kilichoinuka kupita kiasi ni kuanguka saa nane usiku. Kama kuna harufu ya ukungu na mtu ana pumu, badilisheni chumba, msijidanganye kwamba mkifungua dirisha itaisha. Alafu angalieni mlangoni, hapa ndipo mvua inapowapiga watu: watoto wanaingia na viatu vina matope, maji yanachuruzika kwenye sakafu laini, mtu anatupa kitambaa juu yake, kile kitambaa kinateleza. Viatu vyote vivuliwe nje, na awepo mtu mmoja wa kupiga deki kila mara, sio "atakayeona apanguse", hakuna atakayeona. Usiku acheni taa moja inawaka njia ya chooni, haswa kama ni mzee anayesahausahau, maana kwenye nyumba ngeni anaweza kuamka asijue yuko wapi na akaanza kutafuta mlango wa kwake.

Baridi sasa. Naombeni hili mlisome mara mbili: jiko la mkaa halilali ndani na mtu. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, mtu anasinzia tu basi, na wagonjwa wa moyo na mapafu ndio wa kwanza kudhurika. Mvalisheni nguo nyepesi nyingi badala ya sweta moja zito, soksi, kofia, na chupa ya maji ya moto iviringishwe taulo isimuunguze, haswa mwenye kisukari ambaye miguu imeshakufa ganzi. Chumba kisishuke chini ya nyuzi 18. Mzee anaweza kuwa amepoa mwili mzima na bado anakwambia yuko sawa, kwahiyo usimsikilize mdomo tu, mguse tumbo na mgongo. Na maji anywe hata kama hana kiu, kwenye baridi kiu inapungua lakini mwili bado unapoteza maji. Kama ni mtu wa kitandani muda wote mgeuzeni kila saa mbili, likizo haisimamishi vidonda vya mgongo.

Kuhusu mvua yenyewe, kwakweli mimi naona inawasaidia. Kukiwa na jua wote wanatoka, wanaenda mtoni, wanapanda vilima, mgonjwa anabaki dirishani anaambiwa "tunarudi sasa hivi". Mvua ikinyesha wote mko ndani kwa mwendo wake yeye. Msihangaike kumtafutia burudani kila saa, mwekeni pale kelele zilipo, sebuleni, sio kufungiwa chumbani eti apumzike. Apewe kazi, achambue mboga, awe mwamuzi wa karata, asimulie majina ya watu kwenye picha za zamani huku mtoto mmoja anarekodi kwa simu. Akichoka mwafikiane ishara, anainua mkono tu na mtu anamsindikiza kulala bila maswali na bila watu kuanza kunong'ona. Watoto waambieni ukweli kwa lugha yao kabla ya safari, wakifichwa watauliza mbele yake na swali litakuwa baya zaidi.

Anayeuguza kila siku nyumbani apewe nusu siku yake kamili, sio "kapumzike kidogo" halafu mnamwita dawa ziko wapi. Pangeni zamu kwa jina na saa, na kaka mtu asijifanye hajui kubadilisha nepi.

Mwisho dharura. Siku ya kwanza tafuteni simu inashika wapi, ulizeni hospitali iliyo karibu ni ipi na barabara ipi haijai maji, gari lilale limeelekea njia ya kutokea na mafuta yasipungue nusu tanki. Mdomo ukipinda upande, mkono ukilegea, maneno yakikorogeka, hizo ni dalili za kiharusi, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Lakini msivuke maji yanayokwenda, sentimita 30 tu zinatosha kulielesha gari dogo, na usiku huwezi kujua kama daraja bado lipo. Kwahiyo kama hali yake inashukashuka na wingu limeshaanza kufunga huko juu mto unakotokea, ondokeni mchana, mkate likizo hapohapo, chakula kibaki jikoni.