Kuilinda Kompyuta ya Steshenari dhidi ya Flashi za Wateja

Steshenari za Mwanga, mjini Kigoma, hupokea flashi za kila namna kwa siku moja: za wanafunzi wanaochapa ripoti, za makarani, na za wafanyabiashara wanaopita kuelekea bandarini. Wamiliki wengi hutegemea antivirusi pekee, ilhali antivirusi hukagua mafaili, si kifaa chenyewe.

Mwaka 2014 watafiti wa usalama wa kompyuta, Karsten Nohl na Jakob Lell, walionyesha kwamba programu iliyomo ndani ya chipu ya flashi huweza kuandikwa upya, kifaa kikajitambulisha kuwa kibodi, kisha kikaanza kujiandikia amri kwa kasi isiyofikiwa na vidole vya mtu. Kwa kawaida kompyuta haiulizi uthibitisho wowote. Kinachosema ni kibodi hupokelewa kuwa kibodi.

Anayetumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ulio mbadala wa Windows, aweke programu ya USBGuard, ambayo huzuia kila kifaa kisichokuwa kwenye orodha ya vilivyoruhusiwa. Chomeka kwanza kibodi, mausi na printa zako mwenyewe, kisha endesha amri ya «usbguard generate-policy» ukiwa na mamlaka ya msimamizi, na matokeo yake uyahifadhi katika faili la /etc/usbguard/rules.conf kabla ya kuiwasha huduma yenyewe. Hatua hii isirukwe, kwa sababu orodha ikiwa tupu hata kibodi yako huweza kuzuiwa.

Mteja akileta flashi, ichomeke, kisha andika «usbguard list-devices --blocked» na usome namba zinazofuata maneno «with-interface». Namba 08:06:50 ni ya hifadhi ya kawaida, na ndiyo inayotarajiwa kwa flashi. 03:01:01 ni ya kibodi. Flashi inayotaja zote mbili mrudishie mwenyewe, hata akiwa mteja wa miaka mingi, kwani huenda yeye pia hajui alichobeba. Ikiwa safi kwa kipimo hicho, andika «usbguard allow-device» ukifuatisha namba ya kifaa iliyo mwanzoni mwa mstari. Ruhusa hiyo hukoma flashi ikichomolewa, na kwa biashara ya namna hii ni afadhali ibaki hivyo.

Kwenye Windows, matoleo ya Pro yana sera, yaani mipangilio ya msimamizi, za kuzuia usakinishaji wa vifaa vipya. Toleo la Home halina kihariri cha sera hizo. Kwa mwenye Home ni salama zaidi kupokea kazi kwa barua pepe au WhatsApp, ingawa faili bado litahitaji kukaguliwa. Anayeomba kuchaji simu kwenye kompyuta aelekezwe kwenye soketi ya ukutani.