Namna ya Kufuatilia Mitandao ya Kijamii ya Kijana Wako Bila Kugeuka Mpelelezi

Kabla hujagusa simu ya kijana wako, jiulize unatafuta nini ndani yake. Wazazi wengi wakishauriwa kufuatilia mitandao ya kijamii ya watoto wao hudhani kazi ni kusoma ujumbe mmoja baada ya mwingine, na wakimaliza hubaki na lundo la mizaha, misimu wasiyoielewa na ugomvi wa wanafunzi uliokwisha tangu juzi. Hatari kubwa kwa kawaida haimo humo. Imo kwa mtu: mtu mzima anayejifanya rika lake, tapeli anayemwomba picha ya utupu ili baadaye amtishie, kikundi cha wenzake kinachomwandama usiku kucha, au ukurasa unaomfundisha kujinyima chakula. Kwa hiyo swali linalostahili kutangulia ni nani anayeweza kumfikia kijana wako, kwa njia ipi na saa ngapi. Maneno waliyoandikiana yanaweza kusubiri, na mara nyingi hutayahitaji kabisa.

Mwambie kabla hujaanza

Ufuatiliaji uwe wa wazi. Mweleze kijana, kabla hujabadilisha chochote katika simu yake, utakachokuwa unakiona na usichokusudia kukiona. Unaweza kumwambia hivi: "Nitaona unawasiliana na nani na unatumia muda gani, lakini sitasoma mazungumzo yako na marafiki zako. Siku nikiwa na hofu ya kweli kwamba uko hatarini, nitakuomba tuifungue simu pamoja na nitakueleza kwa nini." Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya faragha katika ibara ya 16, na katika ibara ya 5 unatambua wajibu wa mzazi wa kumwongoza kwa kadiri uwezo wake unavyokua. Mambo hayo mawili hayagongani, ila mzazi anayeshika moja na kusahau lingine ndiye anayepata shida.

Programu za upelelezi, zile zinazofichwa ndani ya simu na kunakili kila herufi, mimi sizipendekezi. Mbali na suala la uaminifu, zinapeleka picha, ujumbe na mahali alipo mtoto wako katika seva za kampuni usiyoijua, na baadhi ya kampuni za aina hiyo zimewahi kuvujisha data za watu waliokuwa wakifuatiliwa. Tena kijana akigundua, na vijana hugundua, atafungua akaunti ya pili au atatumia simu ya rafiki yake, na hapo utakuwa umepoteza hata kile kidogo ulichokuwa ukikiona.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo ya kwanza kukaguliwa

Mitandao mikubwa kama Instagram, TikTok, Snapchat na WhatsApp humtaka mtumiaji awe na umri wa angalau miaka 13, kiwango ambacho asili yake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya kulinda taarifa za watoto mtandaoni. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025 mitandao kadhaa mikubwa inatakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Lakini kwa mzazi, jambo lenye uzito kuliko sheria yenyewe ni tarehe ambayo mtoto aliiandika siku alipojisajili. Mtoto wa miaka 14 aliyejiandikisha kuwa na miaka 21 huhesabiwa na mfumo kuwa mtu mzima, na ulinzi wote uliowekwa kwa ajili ya vijana unaweza kumpita kando. Akaunti za namna hiyo ni nyingi mno, kwa kuwa watoto hujiandikisha wakiwa na miaka 10 au 11 na kuongeza umri ili wapite. Kaa naye, fungueni taarifa za akaunti na mrekebishe tarehe. Ikishindikana, ni afadhali kufungua akaunti mpya yenye umri wa kweli, hata kama atalalamikia wafuasi atakaowapoteza.

Umri ukishakuwa sahihi, mengi hujipanga yenyewe. Instagram ilianzisha akaunti za vijana Septemba 2024: akaunti huwa ya faragha tangu mwanzo, ujumbe hutoka tu kwa watu anaowafuata au ambao tayari ameunganishwa nao, arifa hunyamazishwa kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza masharti hayo bila idhini ya mzazi. Mzazi akiunganisha akaunti yake na ya kijana huona aliowasiliana nao katika siku 7 zilizopita, bila kuona walichoandikiana. Family Center ya Snapchat, iliyoanza mwaka 2022, hufanya kazi kwa mtindo huohuo. TikTok haiwapi kabisa walio chini ya miaka 16 huduma ya ujumbe binafsi, na kupitia Family Pairing mzazi anaweza kupunguza muda wa matumizi na kuchuja maudhui.

WhatsApp inahitaji mkono wako zaidi. Fungua Mipangilio, kisha Faragha, kisha Vikundi, na uchague kwamba watu walio katika orodha yake ya namba pekee ndio wanaoweza kumwingiza kwenye kikundi, kwani mlango huo ukiachwa wazi mtu yeyote mwenye namba yake anaweza kumtumbukiza katika kikundi cha watu asiowajua. Tazameni pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa, maana huko ndiko utakakogundua kama kuna kompyuta ya mtu mwingine inayosoma ujumbe wake. Katika Snapchat, zimeni ramani isionyeshe mahali alipo. Simu yenyewe nayo ina vidhibiti vyake, Family Link kwa Android na muda wa skrini kwa simu za Apple, ambavyo hukuwezesha kuidhinisha programu kabla hazijapakuliwa na kuifunga simu usiku. Hata hivyo, kidhibiti ninachokiamini kuliko vyote hakina mipangilio yoyote: simu zote za nyumbani, yako ikiwemo, zichajiwe usiku mahali pamoja nje ya vyumba vya kulala.

Kikao kifupi cha kila wiki

Dakika 15 kwa wiki zinatosha. Kaeni pamoja, yeye ndiye ashike simu, mpitie majina mapya tu. Uliza: huyu mlikutana wapi, nani mwingine anamfahamu, mmewahi kuonana ana kwa ana? Kijana anayemjua mtu kweli hujibu bila kufikiri. Akisema "ni rafiki wa mtandaoni" si kosa, wala usigeuze kikao kuwa mahakama. Mwombe tu akusimulie mazungumzo yalianzaje na yamefikia wapi.

Katika masimulizi hayo, sikiliza mwendo wa mambo. Mtu mwenye nia mbaya kwa kawaida humsifu mtoto kupita kiasi ndani ya siku chache, humwambia kwamba wazazi hawamwelewi, kisha humtaka wahamie kwenye programu nyingine ambako ujumbe hujifuta. Huenda akamtumia zawadi, hata kama ni sarafu za mchezo wa kompyuta tu. Halafu huja ombi la siri, na nyuma yake ombi la picha. Hatua moja peke yake inaweza kuwa haina maana yoyote, ila zikiandamana mbili au tatu, hasa kuhama programu na kutunza siri, usisubiri ya nne.

Utapeli wa picha za utupu huenda kasi zaidi, na huwalenga sana wavulana wa miaka 14 hadi 17, jambo ambalo wazazi wanaowachunga mabinti peke yao hawalitarajii. Akaunti yenye picha za msichana mrembo humwomba urafiki, humtumia picha ya utupu na kumtaka naye atume yake. Akituma, ndani ya dakika chache hupokea picha ya skrini ya orodha ya wafuasi wake na dai la fedha: lipa, au watu wote hawa wataiona. Siku hizi tapeli hahitaji hata kutumiwa picha, kwani akili mnemba inaweza kutengeneza ya uongo kutokana na picha ya kawaida aliyoipakia mtoto mwenyewe. Mweleze kijana wako utaratibu huu kabla haujamfika, hatua kwa hatua, bila aibu, wala usiseme kwamba wewe huwezi kumfikiria atafanya jambo kama hilo, kwa sababu sentensi hiyo ndiyo itakayomfanya anyamaze siku likimtokea.

Kati ya vikao, dalili huonekana nje ya simu. Kijana aliyekuwa hawezi kuachana nayo huanza kuiogopa, hushtuka ikilia, huigeuza skrini chini kila mtu anapoingia, hukosa usingizi, au ana kitu kipya ambacho hawezi kueleza kimetoka wapi.

Jambo likishatokea

Usilipe, na usimruhusu kijana alipe, maana malipo ya kwanza huleta dai la pili. Aache kujibu, lakini msifute chochote. Pigeni picha za skrini za mazungumzo, jina la akaunti na anwani yake ya mtandaoni, mkiacha nje picha yenyewe ya utupu, kwa kuwa kuitunza au kuisambaza picha ya namna hiyo ya mtoto ni kosa la jinai katika nchi nyingi, hata kwa mzazi. Kisha iripotini akaunti ndani ya mtandao husika, mzuieni mhusika, na mpeleke taarifa polisi. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ambayo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha bila picha kutoka kwenye simu yako, na mitandao inayoshiriki huitumia alama hiyo kuitambua na kuiondoa.

Na simu usimnyang'anye. Najua mkono unawasha. Ila watoto wengi hukaa kimya kwa hofu kwamba wakisema watapoteza simu, na tapeli huijua hofu hiyo na huitumia. Ahidi tangu kikao cha kwanza kwamba akikuletea tatizo mwenyewe hatanyang'anywa simu kwa sababu hiyo, na ahadi hiyo uitimize siku ambayo ni ngumu kuitimiza.

Masharti yapungue kadiri anavyokua. Wa miaka 13 anahitaji kikao cha kila wiki na idhini kwa kila programu. Wa miaka 16 anaweza kubaki na kikao cha kila mwezi na saa za usiku tu. Usimamizi katika mitandao hii hukoma akifikisha miaka 18, kwa hiyo uondoe mwenyewe miezi kadhaa kabla ya hapo, ili akikosea mara ya kwanza bila usimamizi awe bado anaishi nawe na anaweza kukugongea mlango usiku.