Jinsi ya kupima mwendo wa bei za wiki: hisa na bidhaa

Andaa jedwali lenye safu tano: jina, bei ya Ijumaa iliyopita, bei ya Ijumaa hii, asilimia, maelezo. Unapima bei ya kufungia (bei ya mwisho soko linapofungwa siku hiyo) dhidi ya bei ya kufungia, basi. Ijumaa ikiwa sikukuu, chukua siku ya mwisho soko lilipofanya kazi.

Hatua ya 1: Piga hesabu. Hisa ilifunga 240, wiki hii imefunga 252. Toa, gawanya kwa bei ya zamani, zidisha kwa 100: imepanda 5%. Wengi huanzia bei ya kufungulia ya Jumatatu. Kama Jumatatu ilifungua kwa 247, watapata 2% tu, maana habari zote za mwisho wa wiki zimeshawapita. Wala usijumlishe asilimia za kila siku: ukipanda 5% kisha ukashuka 5%, hurudi ulipoanzia, umepoteza 0.25%.

Hatua ya 2: Safisha bei za hisa. Kampuni ikigawa kila hisa 1 kuwa 2, bei ya 100 inakuwa 50 na hakuna aliyepata hasara. Gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, nalo hupunguza bei siku ile mnunuzi mpya anapokosa haki ya kulipwa. Tumia bei zilizorekebishwa, na sababu iandike kwenye maelezo.

Hatua ya 3: Kwa bidhaa, andika mwezi wa mkataba. Hapa ndipo jedwali nyingi huharibika. Mafuta ghafi huuzwa kwa mikataba ya mbele, yaani mnakubaliana bei leo kwa mzigo wa mwezi fulani ujao, na kila mwezi una bei yake. Tuseme Ijumaa iliyopita mkataba wa Juni ulifunga dola 80 kwa pipa, wa Julai dola 77. Katikati ya wiki ule wa Juni ukaisha muda, na Ijumaa hii wa Julai umefunga 78. Grafu iliyounganisha mikataba bila marekebisho itakuonyesha mafuta yameshuka 2.5%. Ukweli ni kwamba Julai imepanda 1.3%. Linganisha Julai na Julai, siku zote. Kumbuka tarehe 20 Aprili 2020: mkataba wa Mei wa WTI, mafuta ghafi ya Marekani, ulifunga chini ya sifuri, hasi dola 37.63, siku hiyohiyo wa Juni ukiwa juu ya dola 20. Aliyeandika “mafuta” tu hakuwa amesema kitu.

Hatua ya 4: Angalia fahirisi, yaani namba moja inayojumuisha bei za hisa nyingi, imeundwaje. Kwa mfano wa Marekani, Dow Jones ina kampuni 30 na hupima kwa bei ya hisa, kwa hiyo hisa ya bei kubwa huivuta zaidi. S&P 500 hupima kwa thamani ya kampuni sokoni. Hesabu pia hisa ngapi zimepanda na ngapi zimeshuka. Kampuni chache kubwa zinaweza kuibeba fahirisi nzima huku nyingine zikididimia.

Hatua ya 5: Tafuta sababu, kwa tarehe zake. Takwimu za akiba ya mafuta za EIA, idara ya takwimu za nishati ya Marekani, kwa kawaida hutoka Jumatano, hivyo haziwezi kueleza mruko wa Jumanne. Ripoti ya CFTC, msimamizi wa masoko ya mikataba ya mbele Marekani, kuhusu nani ameshika mikataba hutoka Ijumaa, ila inahesabu hali ya Jumanne. Usiitumie kueleza kilichotokea Alhamisi. Usipoona sababu, acha safu ya maelezo wazi.