SOMO: Kuchagua vifaa vya kompyuta ya gemu (soma kwanza, ndipo uniulize)

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Nina kiasi fulani, ninunue kadi gani?" Mkono umechoka kuandika jibu lilelile. Naliweka hapa lote. Ukiniuliza kilichomo humu, nitakutajia namba ya hatua na kuendelea na shughuli zangu.

Nazungumzia kompyuta ya mezani, ya kuunga mwenyewe, ya kuchezea kwenye monita ya 1080p (picha ya nukta 1920 kwa 1080). Mwenye hela ya 4K, yenye nukta mara nne ya hizo, hana shida na ushauri wangu.

1. Gemu zako. Anayecheza Valorant, gemu nyepesi, na anayetaka Cyberpunk 2077, gemu nzito, hawanunui mashine moja. Jua unacheza nini kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo.

2. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Itakula karibu nusu ya bajeti, usiumie. RX 6600 yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha kabisa kwa 1080p, na umeme inaokula ni wati 132 tu. Ukikosa, GTX 1660 Super ya mtumba, GB 6, bado inakwenda. Ukiona RX 580 iliyoandikwa "2048SP", jua jina ni la 580 lakini ndani ni 570: viini 2048 badala ya 2304. Si mbovu, ila usiilipie bei ya jina.

3. Prosesa, ubongo wa mashine. Ryzen 5 5600 au Core i3-12100F. Zote mbili hazina grafiki ya ndani. Bila kadi, monita itabaki nyeusi, na usije hapa kuniambia umeuziwa mbovu.

4. Mazabodi, bamba ambalo vifaa vyote huchomekwa. Soketi yake (tundu la prosesa) ilingane na prosesa yako. 5600 ni AM4, 12100F ni LGA1700. Mazabodi ya B450 ya siku nyingi inaweza kugoma kuitambua 5600 mpaka BIOS (programu yake ya kuwashia) isasishwe, kwa hiyo iwashwe mbele yako. Za LGA1700 kuna zinazopokea RAM (kumbukumbu ya kazi) ya DDR4 na zinazopokea ya DDR5. RAM ya moja haiingii kwenye nyingine.

5. RAM. GB 16, vijiti viwili vya 8, si kimoja cha 16. Mazabodi ikiwa na nafasi nne, kwa kawaida unaweka ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

6. SSD, hifadhi ya kasi ya mafaili na gemu. GB 500 kwenda juu. Ile hard disk ya zamani hifadhia picha za harusi.

7. Pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine. Hapa kaeni chini.

Mashine yangu ya kwanza niliiunga kama wengi wanavyounga: nikanunua kila kitu, nikabakiwa na elfu arobaini na tano, hiyo ndiyo ikawa bajeti ya pawa saplai. Duka moja likanipa boksi limeandikwa 600W kwa herufi za dhahabu. Nikalinyanyua kwa mkono mmoja, jepesi kama kopo la maziwa lililokwisha, nikajisemea teknolojia imekua. Wiki ya tatu, katikati ya mechi, mashine ikazima. Nikawasha, ikazima. Nikadhani ni joto, nikafungua ubavu wa kesi nikaelekezea feni ya chumbani. Usiku wa nne nikasikia mlio mdogo, kama punje moja ya bisi, kisha harufu ya samaki aliyeungulia kwenye karai. Ikafa, ikaondoka na mazabodi. Kadi ilipona kwa kudra tu.

Fundi niliyempelekea hakunihubiria. Aliigeuza, akaweka kidole kwenye stika ya ubavuni, mstari wa +12V, palipoandikwa 16A. Akasema, "Zidisha." Kumi na mbili mara kumi na sita: 192. Prosesa na kadi huchota karibu umeme wao wote kwenye mstari huo, na kadi yangu ya 1660 Super peke yake ilikuwa inataka 125. Weka prosesa, weka feni, umemaliza. Zile 600 zilikuwa za kupamba boksi.

Kwa hiyo soma stika ya kwenye chuma, boksi liache. Ampea za 12V zidisha kwa 12, hizo ndizo wati zako za kweli. Kwa RX 6600 na 5600 mimi sishuki chini ya 35A. Stika isiyotaja ampea za 12V, irudishe kwenye rafu. Neno "80 Plus" linahusu umeme usiopotea bure kama joto, si uimara, na stika yake yeyote mwenye printa anaweza kuichapa.

Halafu ile swichi ndogo nyekundu ya nyuma, 115 na 230. Si zote zinayo, ila kwenye mitumba ya Marekani mara nyingi utaikuta imelala kwenye 115. Umeme wetu ni 230. Ukichomeka hivyo utasikia bisi nzima, si punje. Iangalie kabla waya haujagusa ukuta.

Na ikifa, usiifungue kuchungulia. Kapasita zake (vihifadhi umeme vya ndani) hubaki na chaji hata ukiwa umeshachomoa.

8. Kesi. Yenye matundu mbele. Zile zilizozibwa kioo mbele zinapendeza picha, kwa joto la Dar utachomea chapati.

9. UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika. Ugonjwa uleule wa maboksi. 650VA si wati 650. Nyingi za ukubwa huo hazifiki hata 400. Soma palipoandikwa W.

MASWALI

Dogo_Mbagala: Mkuu somo zuri sana, ubarikiwe. Sasa mimi nina laki nane, ninunue kadi gani?

Jibu: Hatua ya 1, halafu ya 2.

Chuma_Chakavu: Acha kutisha watu. Mimi ninayo isiyo na jina, 600W, mwaka wa pili huu haijawahi kuzima.

Jibu: Umeweka kadi gani?

Chuma_Chakavu: Natumia grafiki ya ndani.

Jibu: Basi hujawahi kuidai kitu. Mdai asiyedai hajui kama mdeni ana hela.

Pwani_Mombasa: Nimeunga kila kitu, feni zazunguka, picha haitoki. Prosesa ni 12100F. Kadi mbovu?

Jibu: Waya wa HDMI umechomeka wapi?

Pwani_Mombasa: Nyuma, pale juu karibu na za USB.

Jibu: Hiyo ni ya mazabodi. Hatua ya 3. Shusha kwenye kadi.

Pwani_Mombasa: Imetoka. Samahani ndugu.

Binti_Tanga: Shikamoo kaka. Nina Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara, mtumba wa ofisini. Nilitaka kubadilisha pawa saplai niweke kadi, lakini nimefungua nikaona waya unaoingia kwenye mazabodi una pini 8, na hizi za dukani zina 24. Nimekosea au ndivyo ilivyo?

Jibu: Marahaba dada. Hujakosea, na umefanya la maana kufungua kabla ya kununua. Dell waliweka soketi yao wenyewe humo, ya kawaida haiingii bila adapta. Mimi ningeiacha hiyo ya wati 290 ilivyo, nikatafuta GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa umeme. Zipo zenye tundu na zisizo nalo, geuza uangalie ukingoni. Ila ujue prosesa za kizazi hicho hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 masasisho yake ya kawaida yalikoma Oktoba 14, 2025.

Binti_Tanga: Isiyo na waya inapata wapi umeme?

Jibu: Swali zuri. Ile nafasi ndefu inapochomekwa, PCIe, inaweza kutoa hadi wati 75 yenyewe, na 1650 imetengenezwa isivuke hapo. Ndiyo maana RX 6600 huwezi kuiombea huruma hiyo.

Mzee_wa_Feni: Nyongeza kuhusu vumbi. Mimi kila baada ya miezi mitatu napeleka kwa fundi pancha, anaipuliza kwa kompresa, inarudi mpya.

Jibu: Mzee wangu, kompresa za pancha hutema maji. Mwambie aachie upepo pembeni kwanza, asogee mbali kidogo, na wewe shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Mimi brashi ya rangi inanitosha.

Mzee_wa_Feni: Ya inchi mbili?

Jibu: Ya inchi moja, mpya, isiyowahi kuona rangi.

Dogo_Mbagala: Mkuu nimerudi. Nimesoma yote. Niko dukani, kuna pawa saplai imeandikwa 500W, stika yake 12V ni 38A.

Jibu: Zidisha.

Dogo_Mbagala: 456.

Jibu: Inyanyue kwa mkono mmoja.

Dogo_Mbagala: Nzito.

Jibu: Chukua, dai risiti. Sasa niambie unacheza gemu gani.