Namna ya kusoma orodha ya machapisho ya mtafiti wa watoto njiti

Mwanafunzi anayetafuta msimamizi wa shahada, au mwandishi wa habari za afya anayetaka mtaalamu wa kumhoji, kwa kawaida hufungua orodha ya machapisho ya mtafiti na kuhesabu makala. Katika fani ya watoto waliozaliwa kabla ya wiki 37, hesabu hiyo hupotosha; kinachofaa kuhesabiwa kwanza ni watoto.

Hakikisha kwanza kwamba kazi zote ni za mtu mmoja, maana majina hufanana. Namba ya ORCID, yaani kitambulisho cha mtafiti chenye tarakimu 16, huondoa utata huo pale mtafiti anapokuwa nayo.

Kisha zipange makala kufuata kundi la watoto waliochunguzwa, wala si mwaka wa kuchapishwa. Chukua mfano wa EPICure, utafiti uliowaandikisha watoto waliozaliwa Uingereza na Ireland mwaka 1995 kabla mimba haijatimiza wiki 26. Watoto hao walipimwa tena walipofika miezi 30, kisha miaka 6, 11 na 19, na kila awamu ilizaa makala kadhaa. Asiyejua atadhani ni tafiti nyingi zinazothibitishana, kumbe ni watoto wale wale wakiendelea kukua. Hilo si kasoro hata kidogo. Kumfuata mtoto kwa miaka 19 ni kazi ngumu kuliko kuanzisha tafiti mpya kumi, na binafsi naithamini zaidi.

Katika kila kundi, tafuta idadi ya walioandikishwa na idadi ya waliopimwa mwishoni, kisha usome mwandishi anasema nini kuhusu wasiorudi. Huenda wamehama, huenda wamefariki, huenda mama hakuwa na nauli ya kumleta mtoto asiyeweza kukaa. Iwapo walio na hali ngumu ndio waliopotea, matokeo yataonekana mazuri kuliko ukweli ulivyo.

Angalia pia jinsi umri ulivyohesabiwa, na hapa usiharakishe. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 amewahi kwa wiki 12 kabla ya wiki 40. Akiletwa kliniki akiwa na miezi 9, umri wake uliorekebishwa, yaani unaohesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, ni takribani miezi 6. Kumwita amechelewa kwa sababu hajaanza kutambaa ni kumwonea. Mtafiti makini hueleza kama alirekebisha umri, na hueleza pia umri wa mimba ulijulikanaje: kwa kipimo cha ultrasaundi cha mapema, au kwa tarehe ya hedhi ya mwisho ambayo mama aliikumbuka. Pale ambapo wajawazito wengi huanza kliniki mimba ikiwa kubwa, mtoto mdogo aliyetimiza miezi yake anaweza kuhesabiwa kuwa njiti.

Nafasi ya jina nayo ina maana. Katika tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi na kuandika, na wa mwisho ndiye aliyeiongoza. Hata hivyo, majaribio makubwa huweza kutolewa kwa jina la kikundi. Jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa mwaka 2021, lililofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto 3,211, lilionyesha kwamba kuanza huduma ya kangaruu (mtoto kuwekwa kifuani, ngozi kwa ngozi) mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo ndani ya siku 28 kutoka asilimia 15.7 hadi 12.0. Mchango wa daktari wa Dar es Salaam katika kazi kama hiyo unaweza kukupita usiposoma orodha ya wanakikundi, kwa hiyo ifungue.

Mwisho, tafuta kila makala muhimu katika PubMed, hifadhidata ya makala za tiba mtandaoni, uone kama imewekewa tangazo la kusahihishwa au kuondolewa. Orodha aliyoiandaa mtafiti mwenyewe huenda isikuonyeshe hilo.